Umefuta kioo cha gari lakini usiku bado huoni vizuri? Soma hii kabla hujafuta tena

Sisi kazi yetu ni kusafisha magari, na mara nyingi sana mteja anatuletea gari safi kabisa, imeoshwa jana tu, anasema naomba mniangalizie hiki kioo cha mbele nahisi kimechoka, maana usiku nikipishana na gari yenye taa kali kioo chote kinakuwa cheupe sioni hata ukingo wa barabara. Tunaingia ndani, tunapitisha kidole kwenye kioo pale chini karibu na dashibodi, kidole kinaacha mstari na chenyewe kinatoka kinateleza kama umeshika mafuta. Kioo hakijachoka jamani. Kina utando, na upo upande wa ndani, upande ambao karibu kila anayeosha gari anaupitishia kitambaa chenye maji mara moja na kuondoka.

Sasa cha kwanza tunachotaka ukijue ni kwamba ule utando sio vumbi. Ungekuwa vumbi maji yangeutoa. Ule ni mafuta, mafuta membamba sana yaliyotandazwa kioo kizima, na ukiyafuta na kitambaa chenye maji unayahamisha tu kutoka kushoto kwenda kulia, ndio maana unamaliza kufuta unaona kimependeza, jua likigeuka kidogo unaona mistari mistari kila mahali kuliko hata mwanzo.

Yanatoka wapi wakati hakuna mtu amepaka mafuta kioo? Yanatoka kwenye gari yenyewe. Zile plastiki laini za dashibodi, milango, na viti vya ngozi bandia nyingi ni PVC, na PVC kwa asili yake ni ngumu, kwa hiyo kiwandani wanaichanganya na kemikali za kuilainisha ili isipasuke. Kemikali hizo hazijafungwa na plastiki moja kwa moja, zimekaa tu ndani yake. Gari ikikaa juani vioo vimefungwa, dashibodi inaweza kupita nyuzi joto 70, hapo zinaanza kutoka kidogo kidogo kama mvuke, na mvuke ule ukigusa kioo ambacho kina ubaridi kuliko dashibodi unatulia palepale na kuwa utando. Gundi, sponji za viti na zulia nazo zinachangia. Ile harufu ya gari mpya ambayo watu wanaipenda, sehemu yake ni haya haya mambo, na ndio maana gari mpya saa ingine inachafua kioo haraka kuliko gari ya miaka kumi. Watengenezaji wenyewe wanalijua hili, kuna vipimo kabisa kama DIN 75201 na ISO 6452, wanachukua kipande cha plastiki au ngozi wanakipasha moto chini ya kioo kilichopozwa alafu wanaangalia kioo kimefifia kiasi gani. Kwa hiyo usijione mchafu, kila gari inafanya hivi, tofauti ni kiasi tu.

Kinachoongeza ni sisi wenyewe watumiaji. Ukivuta sigara ndani ya gari lami yake inakaa kwenye kioo, utaiona ya njano kwenye kitambaa cheupe. Sigara za umeme watu wanadhani ni mvuke wa maji tu, hapana, kile kimiminika kina glisarini na propilini glaikoli, vitu vizito vinavyonata, na kwa macho yetu gari ya mtu anayevuta hiyo ndani vioo vimefungwa ni kati ya zile zinazotuchukulia muda mrefu. Alafu kuna ile dawa ya kung'arisha dashibodi yenye silikoni. Hii tuiseme wazi kwa sababu hata sisi tulikuwa tunaitumia, tulikuwa tunamaliza vioo vizuri kabisa kisha tunapuliza dashibodi ing'ae mteja afurahi, na baada ya siku chache mteja huyo huyo anarudi kusema kioo kina ukungu. Sehemu ya dawa ilikuwa inarukia kioo wakati wa kupuliza, na nyingine inapanda taratibu gari ikipata joto. Tuliacha. Siku hizi dashibodi tunaifuta kwa dawa isiyo na mafuta na tunaifuta KABLA ya vioo, sio baada, na inabaki na rangi yake ya kufifia ile ya asili. Kama unapenda dashibodi inayong'aa kama maji tutakuelewa, lakini ujue ile ng'aa yenyewe mchana inajirudisha kwenye kioo cha mbele.

Kwa nini usiku ndio inasumbua? Mchana mwanga unatoka pande zote na macho yako yamezoea, utando unapunguza tu ukali wa rangi kidogo na huoni shida. Usiku kuna giza alafu taa moja kali inakuja mbele yako, ule mwanga ukigonga utando unatawanyika kioo kizima badala ya kupita moja kwa moja, na mtu anayevuka barabara akiwa nyuma ya ule weupe humuoni. Kwetu hili sio suala la urembo hata kidogo. Na mvua ikinyesha inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu unyevu ukigusa kioo kichafu unajikusanya vitone vitone vidogo vinavyoziba macho, wakati kioo safi kinachelewa kushika na kinasafishika haraka ukiwasha kiyoyozi.

Kuna utando mmoja ambao hatutaki uufute ukanyamaza. Kama unafuta na baada ya siku mbili tatu umerudi, unanata, upo zaidi kwenye kioo cha mbele, na ukiwasha hita au hewa ya kioo unasikia harufu tamu tamu, angalia maji ya rejeta. Tulikuwa na mteja tulimsafishia kioo mara tatu ndani ya muda mfupi, mara ya tatu tukaona hapana hii sio kawaida, tukainua zulia upande wa abiria, limelowa na linateleza. Kirejeta kidogo cha hita kinachokaa ndani ya dashibodi kilikuwa kinavuja, kulanti, yaani yale maji ya rejeta yenye dawa, inatoka kama mvuke kwenye matundu ya hewa na kutua kwenye kioo. Hiyo sio kazi yetu, hiyo ni ya fundi, na sio ya kusubiri kwa sababu kulanti ikiisha injini inachemka, na nyingi zina ethilini glaikoli ambayo ni sumu, mtoto au mnyama asiiguse. Tangu siku hiyo kila gari inayorudi haraka tunaangalia zulia kwanza.

Haya, tuje kwenye kufuta kwenyewe, maana wengi wenu mtafanya nyumbani na hatuna shida na hilo. Gari iwe kivulini na kioo kiwe kimepoa, kwenye jua dawa inakauka kabla hujaifuta na hapo ndio mistari inazaliwa. Unahitaji taulo za maikrofaiba tatu au nne, sio moja, na ziwe hazijafuliwa na ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo inaacha mafuta kwenye nyuzi na utakuwa unapaka kioo upya. Magazeti tunajua wazee walitumia na yalikuwa yanafanya kazi, ila wino unachafua pembeni za plastiki nyeupe na mikono yako ikichafuka unachafua kila utakachoshika.

Kama utando ni mzito anza na maji ya uvuguvugu yenye matone machache tu ya sabuni ya vyombo kwenye lita nzima, chovya taulo, ikamue mpaka isidondoshe, pitisha kioo kizima. Taulo ya pili na maji matupu, toa sabuni, maana sabuni ikibaki nayo ni utando mwingine. Kisha ndio inakuja alkoholi, ile ya aisopropili ya asilimia 70 inafaa, wengine wanaichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi na inatosha kwa utando wa kawaida. Pulizia kwenye taulo, usipulizie kioo, kwa sababu kwa ndani matone yanashuka kwenye dashibodi, spika na skrini. Fungua milango, usivute sigara, hiyo kitu inawaka. Na tafadhali soma chupa kabla hujanunua, kuna spiriti za kusafishia vidonda ambazo zimewekewa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, ukifutia kioo umerudi ulikotoka. Mwisho taulo kavu safi kabisa, na hii ndio hatua watu wanairuka! Alkoholi kazi yake ni kuyalegeza mafuta, anayeyabeba ni taulo kavu, na taulo ikishaanza kuteleza geuza upande au chukua ingine.

Ile sehemu ya chini ya kioo cha mbele, pale kinapokutana na dashibodi, ndipo pachafu kuliko kote na mkono hauingii. Geuza kiganja, weka mgongo wa mkono kwenye kioo na taulo ikiwa juu ya vidole, utafika mpaka kwenye kona, na kukaa kiti cha abiria ni rahisi zaidi maana hakuna usukani. Vioo vya milango vishushe kidogo ufute ule ukingo wa juu unaojificha kwenye mpira. Tabia moja tunayoifundisha kila kijana anayeanza kazi kwetu, ndani futa kwenda kulia na kushoto, nje futa juu na chini, ukiona mstari umebaki unajua mara moja upo upande gani bila kuzunguka gari mara kumi. Ukimaliza subiri giza, mulika tochi kwa ubavu, utaona kila kitu ulichoacha.

Kioo cha nyuma kina zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu zimebandikwa kwa ndani, futa kufuata mstari wake, taratibu, na wembe usikaribie kabisa, waya mmoja ukikatika mstari ule wote haupati moto. Gari yenye tinti usitumie dawa yoyote yenye amonia, na dawa nyingi za vioo vya nyumbani zinayo, inaharibu tinti na plastiki za pembeni. Tinti mpya iache ikauke kabisa, wabandikaji wengi wanasema siku kadhaa mpaka mwezi, muulize aliyekubandikia. Na kama gari yako ina kamera nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo cha kuangalia nyuma, usiufungue ule mfuniko wala kupulizia hapo.

Nje ni habari nyingine kwa sababu uchafu wake ni mwingine. Kuna mafuta ya barabarani na moshi wa dizeli, kuna nta za kuoshea gari, kuna utomvu wa miti, na waipa inavisambaza vyote kwa umbo lake lile la nusu duara. Kabla hujasema waipa zimeisha zifute raba kwa kitambaa chenye alkoholi, utashangaa weusi unaotoka. Usimimine sabuni ya vyombo kwenye tangi la maji ya waipa, inatoa povu na inaacha utando kila unapopuliza. Kwa uchafu ulioshikana hautoki kwa kufuta tunatumia udongo maalumu wa kusafishia gari, unateleza nao juu ya kioo kilicholowa maji ya sabuni na unang'oa vile vitu vidogo ambavyo ukipitisha mkono unavihisi kama mchanga.

Zile duara nyeupe nyeupe za maji yaliyokauka ni chumvi za kalsiamu na magneziamu, alkoholi haizigusi, zinataka asidi. Siki nyeupe nusu na maji nusu, lowanisha kitambaa, kibandike kwenye doa dakika chache bila kuacha kikauke, sugua taratibu, suuza kwa maji mengi isibaki kwenye rangi ya gari. Usichanganye na magadi kwa pamoja, povu linapendeza kuangalia lakini vinamalizana nguvu vyenyewe kwa vyenyewe. Chumvi zikikaa muda mrefu zinakula kioo chenyewe, hapo tunapiga polishi ya seriamu oksaidi, unga laini wa kung'arishia kioo, kwa mashine, kazi ya taratibu na maji mengi kwa sababu kioo kikipata joto sehemu moja kinaweza kupasuka.

Na kuna ambavyo tutakurudishia bila kuvigusa. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, weupe ukianzia pembeni na kuingia ndani kama maziwa, ule upo katikati ya vioo, hakuna dawa inayofika, ni kubadilisha kioo. Mikwaruzo mirefu ya waipa iliyokauka raba, ile ambayo kucha inakwama, mbele ya dereva hatuichongi kwa sababu pale tutakapochonga kioo kitabaki na kibonde na utaona barabara inacheza.

Ukituletea gari kwa kazi ya vioo tuambie mambo haya tu, kama ina tinti na ya lini, kama kuna anayevuta ndani, umewahi kupulizia dawa gani dashibodi, na kama utando unarudi haraka. Kama ulipulizia silikoni tutaanza na dashibodi yenyewe kabla ya kioo, kwa hiyo panga muda mrefu kidogo, na uje gari ikiwa imepoa.