Barua kwa Neema kuhusu kumbukumbu za hofu

Mpendwa Neema,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba nyote mu wazima na kwamba kazi ya unasihi inaendelea. Yule mama unayemhudumia, ambaye hadi leo hushtuka mlango ukifungwa kwa kishindo, na ambaye sasa ana wasiwasi kwamba wanawe wamezaliwa na hofu yake, hata ameshauriwa anunue kipimo cha DNA, anauliza swali zito, na ningependa alijibiwe kwa ukamilifu badala ya kutulizwa tu.

Mengi tunayoyajua yametokana na panya. Panya huwekwa ndani ya kisanduku asichokijua, akapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni, kisha akarudishwa bandani. Kesho yake akiingizwa tena kisandukuni huganda, hatikisiki ila kwa kupumua, ingawa safari hii hakuna umeme wowote. Watafiti huhesabu sekunde anazoganda, na hicho ndicho kipimo cha kumbukumbu yake ya hofu.

Ili kumbukumbu hiyo idumu, seli za amigdala na hipokampasi, sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na kumbukumbu, hulazimika kutengeneza protini mpya, na kwa hiyo jeni fulani hufunguliwa huku nyingine zikifungwa. DNA imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye bobini: vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo asetili vikibandikwa kwenye histoni, uzi hulegea na jeni husomeka, lakini vikundi vingine, vya metili, vikibandikwa kwenye DNA yenyewe, mara nyingi jeni hunyamazishwa. Mpangilio wa DNA unabaki vilevile. Kinachobadilika ni alama zilizo juu yake, na ndiyo maana taaluma hii huitwa epijenetiki. Mwaka 2007, Courtney Miller na David Sweatt wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, Marekani, walionyesha kwamba muda mfupi baada ya shoti, jeni inayozuia kumbukumbu huongezewa metili kwenye hipokampasi, ilhali jeni inayoisaidia huondolewa metili. Walipokizuia kimeng'enya kinachobandika metili, panya hawakuishika kumbukumbu ile. Ajabu ni kwamba alama hizo za hipokampasi zilikuwa zimefutika kufikia siku ya pili, ingawa hofu ilibaki. Mwaka 2010 kundi hilohilo liliripoti kwamba katika gamba la mbele la ubongo alama za metili zilikuwapo hata siku 30 baadaye.

Utafiti ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu unaigusa kazi yako moja kwa moja, ulitoka mwaka 2014 katika maabara ya Li-Huei Tsai huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Kumbukumbu inapoamshwa hulegea kwa muda kabla ya kukaza tena, na katika muda huo inaweza kurekebishwa. Panya waliokumbushwa hofu ya jana waliweza kufundishwa kwamba hatari imekwisha. Waliokumbushwa hofu iliyokwisha kutimiza mwezi mzima hawakuweza, kwa kuwa kimeng'enya kinachoondoa asetili kiliendelea kung'ang'ania jeni zao na kuzizuia zisisomeke. Walipopewa dawa ya kukizuia baada ya kukumbushwa, hata hofu ile kongwe ilipungua. Dawa ya namna hiyo bado si tiba ya wagonjwa wako, lakini nauona hapa msingi wa kile unachokifanya kwa subira, yaani kumwongoza mtu asimulie tukio lake akiwa mahali salama.

Kuhusu watoto, yapo majaribio ya mwaka 2014 ya Brian Dias na Kerry Ressler huko Atlanta, ambapo watoto na wajukuu wa panya dume waliofundishwa kuogopa harufu fulani walikuwa wepesi kuitambua harufu hiyo. Yalivuma sana, lakini namna habari hiyo ingefika kutoka puani hadi kwenye mbegu za kiume haijaelezwa vizuri, nami siwezi kumtisha mama wa watu kwa jambo hilo. Karibu nasi zaidi, Nader Perroud na wenzake waliwapima wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, pamoja na watoto wao, wakakuta metili nyingi zaidi kwenye jeni ya kipokezi cha kotisoli, yaani homoni ya msongo, kuliko kwa wenzao ambao hawakuwapo kwenye mauaji. Hata hivyo, watoto hao walikuwa tumboni wakati ule, kisha wakalelewa na mama waliojeruhiwa, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hofu yenyewe ndiyo iliyorithiwa. Utafiti mwingine kwa manusura wa Rwanda ulikuta kwamba wanaume wenye metili nyingi kwenye sehemu moja ya jeni hiyohiyo hawakusumbuliwa sana kama wengine na kumbukumbu zinazojileta zenyewe. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Unaona jinsi alama moja isivyoweza kusomwa kwa haraka kuwa ni baraka au balaa.

Kwa hiyo, kuhusu kipimo cha DNA ambacho yule mama ameshauriwa anunue, tafadhali mzuie asitoe fedha zake. Metili za damu au mate si lazima zifanane na za ubongo, na matokeo ya utafiti ni wastani wa kundi, hayawezi kumwambia mtu mmoja mmoja kama mwanawe amebeba hofu. Akiweza kumleta yule mwanawe mdogo anayelala kwa shida, zungumza naye mwenyewe kama unavyofanya na watoto wengine, kisha uniandikie ulichokiona.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako akupendaye,
Rehema