Sahihi ya Kuhudhuria Si Sahihi ya Kukubali: Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Wadi Yetu

Bi. Msimamizi,

Salamu kutoka kwa kamati ya maendeleo ya kijiji. Unatujua, ni wale watu tisa wa mstari wa mbele, na mwenye daftari la jalada gumu ni mimi, katibu. Hatulipwi, na tulikubali hivyo tangu mwanzo. Nauli ya bodaboda kila mtu hutoa mfukoni mwake. Mweka hazina wetu anauza mrenda na kunde. Siku ya kikao hufunga kibanda saa mbili asubuhi, na mauzo ya siku hiyo ndiyo basi tena.

Ninakuandikia kuhusu karatasi ya mahudhurio.

Kikao cha mwisho tulijulishwa kwa ujumbe wa simu usiku, tuwe ukumbini kesho yake saa tatu. Mlangoni tulipokewa na karatasi ya safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Tukatia sahihi kabla hatujaketi. Ndipo tukagawiwa rasimu ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti, kwa Kiingereza, nakala mbili kwa watu karibu arobaini. Mzee mmoja aliishika kichwa chini kwa muda mpaka jirani akamgeuzia. Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana hata mimi nilikuwa nimeelewa nusu tu. Tukasema yetu, soda zikaja, tukaenda.

Yetu yalikuwa jambo moja: kivuko cha kijito kwenye njia ya sokoni. Ni magogo mawili, na moja limeoza upande wa chini. Akina mama wanaopeleka ndizi na mboga soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, hupita hapo alfajiri kwa tochi ya simu, mzigo kichwani. Masika kijito kikijaa wanazunguka hadi daraja la barabara kuu, na nauli ya bodaboda inakuwa maradufu. Tulipima kwa kamba: mita 11. Imo daftarini.

Mpango ulipotoka, kivuko hakimo. Imo mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, ya sokoni, ambayo siku ile hakuna aliyeitaja. Na ile karatasi ya mahudhurio imo pia, kurasa za mwisho, chini ya maneno kwamba wananchi walishirikishwa na wakaafiki. Jina langu ni la saba.

Bi. Msimamizi, hata kwenye kikao cha mahari, aliyeketi na kunywa chai hajakubali idadi ya ng'ombe.

Kisheria Mpango huu hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na fedha zake huanza kutumika Julai 1 ya mwaka unaofuata. Anayeachwa nje Septemba hii anahesabu masika mawili zaidi juu ya gogo bovu. Viongozi wetu husifu umoja wa kiuchumi wa kaunti 14 za Kanda ya Ziwa, nami nausifu pamoja nao. Ila ndizi ya kuuzwa kaunti jirani huanza kwa kuvuka kijito chetu.

Tunachoomba hakihitaji bajeti. Tupe rasimu wiki moja mapema, na ukurasa mmoja wa Kiswahili juu yake. Kisha, kando ya karatasi ya mahudhurio, weka nyingine: hoja, aliyeitoa, jibu. Andika "fedha hazitoshi" au "njia hiyo si ya kaunti", tutakubali na kutafuta mlango mwingine. Kifungu cha 89 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinataka malalamishi ya wananchi yajibiwe bila kukawia, kwa hiyo ihesabu barua hii kuwa mojawapo.

Ukipenda kukiona kivuko chenyewe, njoo Alhamisi, si siku ya soko. Vaa gambuti.

Katibu,
Kamati ya Maendeleo ya Kijiji