Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Saa za mtandaoni zisihesabiwe kuwa saa za kitandani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mtumba, Dodoma.

YAH: MASOMO YA MTANDAONI KATIKA MAFUNZO YA UDAKTARI

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia nikiwa daktari wa magonjwa ya ndani hapa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka 14 nimekuwa nikizunguka wodini na wanafunzi wa udaktari kila wiki. Nimechagua barua ya wazi kwa sababu jambo lenyewe haliishii kwetu walimu na wizara yako. Linawagusa wazazi wanaouza shamba ili mtoto asome, na linawagusa wagonjwa ambao, kwa kukubali kupimwa na mikono ambayo bado inajifunza, wamewafundisha madaktari wote wa nchi hii, mimi nikiwa mmoja wao.

Naomba nitangulize ombi lenyewe. Ninaiomba Wizara, kupitia Baraza la Madaktari Tanganyika na kwa kushauriana na Tume ya Vyuo Vikuu, iweke kanuni ya maandishi kwamba saa ambazo mwanafunzi amesoma mtandaoni zisihesabiwe kuwa saa za mafunzo kitandani kwa mgonjwa. Mengine nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wengi wetu ndipo tulipoanza kuyatazama majukwaa ya masomo kama kitu zaidi ya kabati la kuhifadhia slaidi. Vilipofunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, mimi niliendelea kurekodi. Mhadhara wangu wa kwanza ulikuwa wa dakika 25, kuhusu namna ya kusoma mchoro wa umeme wa moyo, na niliurekodi sebuleni usiku, watoto wakiwa wamelala. Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja anayeishi Mbagala aliniambia kwamba ameusikiliza mara tatu, akiusimamisha kila nilipoharakisha, na akanionyesha katika daftari lake mahali ambapo kila mwaka huwa naharakisha pasipo kujua. Katika ukumbi wenye wanafunzi zaidi ya 200 hakuna aliyewahi kuninyooshea mkono kuniuliza kuhusu hapo. Siku hiyo hatukurudia mhadhara. Tulikwenda moja kwa moja wodini, tukakaa saa nzima kwa mzee mmoja mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kila mwanafunzi akashika mshipa wa mkono wake, akausikiliza moyo wake, kisha akautazama mchoro.

Hiyo ndiyo faida ya mtandao niliyoiona kwa macho yangu: ulitununulia saa moja ya kukaa na mgonjwa. Utafiti nao hauupingi. Mwaka 2008 jarida la tiba la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa David Cook na wenzake, waliokusanya tafiti 201 za masomo ya intaneti kwa watu wa fani za afya. Walikuta kwamba anayesoma hivyo anajifunza mengi kuliko asiyefundishwa kabisa, na kwamba akilinganishwa na aliyefundishwa kwa njia za kawaida, tofauti kwa jumla ni ndogo. Kwa hiyo mhadhara unaweza kuhamia kwenye simu bila hasara kubwa. Hofu yangu ni kwamba tumeanza kuhamisha na kile kisichohamishika.

Mwaka jana, katika chuo kimoja ninachokifahamu hapa jijini, siku za wanafunzi kuwa wodini zilipunguzwa kutoka nne kwa wiki hadi mbili, na zile mbili zilizoondolewa zikaitwa kliniki za mtandaoni. Sababu iliyotolewa inaeleweka, kwani wanafunzi wameongezeka, vitanda havijaongezeka, na walimu ni walewale. Miezi michache baadaye nilikuwa kitandani kwa kijana mmoja aliyekuwa na wengu mkubwa, pamoja na mwanafunzi wa mwaka wa nne, binti mwenye bidii ambaye sina shaka atakuwa daktari mzuri. Nilipomuuliza sababu za wengu kukua alizitaja zote pasipo kusita, malaria, kichocho, selimundu, saratani za damu, kwa mpangilio mzuri kuliko ambao ningeutoa mimi. Kisha nikamwomba autafute. Aliweka mkono moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza, akasema hauoni. Mkono wake ulikuwa juu ya wengu wenyewe.

Wengu hutafutwa kwa mkono unaoanzia chini, upande wa kulia wa tumbo, ukapanda kwa mshazari kuelekea mbavu za kushoto huku mgonjwa akivuta pumzi, kwa sababu wengu uliokua sana huwa umeshuka kuelekea kitovuni, na anayeanzia juu huwa tayari ameshaupita ukingo wake. Binti yule alikuwa ameiona video inayoeleza hayo, tena zaidi ya mara moja. Alichokosa ni ule mguso wa ukingo unaokuja kugonga kidole mgonjwa anapovuta pumzi. Nilimshika mkono, tukaanza upya kutoka chini, na ulipomgusa alinitazama kwa mshangao. Kijana yule mgonjwa, Mungu ambariki, alisema, "Rudia tena dada, mimi sina haraka."

Ushahidi kwamba mkono una shule yake tunao hapahapa nchini. Katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, wahudumu wa uzazi walipewa mafunzo ya siku moja, kwa kutumia mwanasesere, ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Miezi saba baadaye waliendelea kufanya vizuri kwa mwanasesere, lakini utendaji wao kwa watoto halisi haukubadilika. Hospitali ilipoanzisha mazoezi mafupi palepale kazini, ya dakika tatu hadi tano kila wiki pamoja na marudio ya kila mwezi, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ikiwa hata mafunzo ya mikono, yakifanyika mara moja, hayakuvuka kutoka kwa mwanasesere hadi kwa mtoto, hatuna sababu ya kutarajia kwamba video itavuka kutoka kwenye kioo cha simu hadi kwenye tumbo la mgonjwa.

Mheshimiwa Waziri, yapo pia mambo ya mtandao wenyewe, na katika hayo bando ndilo zito. Tunapompa mwanafunzi mihadhara ya video tunamhamishia gharama ambayo zamani ilibebwa na chuo kwa kuwasha taa za ukumbi. Ninao wanafunzi wanaosubiri bando la usiku kwa kuwa ni nafuu, wakapakua hadi saa nane, kisha saa kumi na moja alfajiri wako kituoni Gongo la Mboto wakigombania daladala ili wawahi raundi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa Hinari mwaka 2002 ili taasisi za nchi kama yetu zipate majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo, lakini jarida la bure linalofunguliwa kwa bando la kununua si la bure kwa anayeishi kwa fedha za kujikimu. Ninaomba uzungumze na mwenzako mwenye dhamana ya mawasiliano, ili anuani za majukwaa ya vyuo vya afya zifunguke bila kukata bando, na ili Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ufikirie kuweka chumba kimoja chenye intaneti ya uhakika katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa inayopokea wanafunzi. Hapa Dar es Salaam ningeanza na Amana, Temeke na Mwananyamala. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na nchi ikakaa karibu gizani kimtandao, aliyekuwa ameshapakua masomo yake ndiye aliyeendelea kusoma. Kwa hiyo vyuo vitakiwe kuandaa masomo yanayopakuliwa, badala ya yale yanayotazamwa hewani tu.

Lingine ni kwamba sehemu kubwa ya video wanazotazama wanafunzi wetu zimetengenezwa ng'ambo, kwa wagonjwa wa ng'ambo. Wekundu wa ngozi unaoonekana waziwazi kwenye video huenda usionekane kabisa kwa mtoto wa Tandale, na upungufu wa damu tunautafuta katika utando wa ndani wa kope na viganjani, wala si katika rangi ya uso. Tena mgonjwa wetu haelezi ugonjwa wake kwa Kiingereza cha kitabuni. Atakwambia anasikia vichomi, tumbo linasokota, moyo unakwenda mbio, mwili umekosa nguvu, na kila neno kati ya hayo linahitaji maswali yake. Tukirekodi masomo yetu wenyewe ya kuchukua historia ya mgonjwa kwa Kiswahili, mwanafunzi atafika kitandani akiwa na maswali mdomoni. Hilo ningependa Wizara iligharamie kwa moyo wote, maana hakuna wa nje atakayetufanyia.

Na kuna makundi ya WhatsApp. Huko ndiko masomo mengi ya mtandaoni yanakofanyika kwa kweli, na mengine ni mazuri sana. Lakini nimewahi kuona picha ya eksirei ikizunguka kwenye kundi la watu zaidi ya 100, jina kamili la mgonjwa na umri wake vikisomeka juu kabisa. Aliyeituma alitaka kujifunza tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ila mwanafunzi huyo hakuwahi kufundishwa inamtaka afanye nini kabla ya kutoa simu mfukoni. Mwongozo wa kurasa mbili kutoka Wizarani, ukisomwa kila mwaka wa masomo unapoanza, ungetosha kuanzia.

Ninajua kwamba kanuni ninayoiomba itavibana vyuo, kwa sababu saa za kitandani zinahitaji walimu, na walimu wanahitaji kulipwa. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba saa zinazookolewa na mihadhara iliyorekodiwa zirudishwe wodini, ziandikwe kwenye ratiba, na Baraza lizikague linapokwenda kukagua vyuo. Mwalimu aliyerekodi mhadhara mara moja hana haja ya kuurudia kila mwaka mbele ya ukumbi. Muda huo awape wanafunzi sita kwa wakati mmoja kitandani, badala ya ishirini na tano wanaochungulia mabegani mwa wenzao.

Raundi yangu na wanafunzi huanza saa mbili asubuhi kila Jumanne na Alhamisi. Jina langu na hospitali ninayofanyia kazi vimo katika nakala niliyoituma ofisini kwako, na ningefurahi sana ukimtuma ofisa wako mmoja, kabla ya ratiba za mwaka ujao kupitishwa, aje asimame nasi mwisho wa kitanda na kuhesabu ni wanafunzi wangapi siku hiyo wanafikiwa na zamu ya kumgusa mgonjwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Daktari na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari,
Dar es Salaam.