Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Mbale, mashariki mwa Uganda

Waheshimiwa masheikh, mapadre, wachungaji na viongozi wa sinagogi, wazee wetu, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha maelewano ya dini mbalimbali, natoa taarifa ya shughuli za mwaka unaomalizika. Sitasoma orodha ya mikutano, kwa kuwa kumbukumbu zake mmekwisha kuzipata kupitia matawi. Nitaeleza zaidi jambo ambalo kamati imelikubali baada ya mabishano marefu, nalo ni kwamba watu wa dini mbalimbali huelewana wanapokuwa na kazi ya kufanya pamoja kuliko wanapokalishwa kusikiliza hotuba za kuhimiza maelewano. Kwa sababu hiyo tulipunguza makongamano, na baadhi yenu mlilalamika. Naomba mnisikilize kwanza.

Mwaka huu Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 ya mwezi huohuo, hivyo mfungo wa Waislamu na Kwaresima vikaenda sambamba kwa majuma kadhaa. Kamati iliamua kuandaa futari ya pamoja jioni ya Jumatano hiyo. Awali tulikusudia kupika pilau ya nyama, mpaka kina mama wa mapokezi walipotukumbusha kwamba Mkatoliki hali nyama siku hiyo na mlo wa kushiba ni mmoja tu, na kwamba ndugu zetu Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, hawali nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wao. Tukaishia kwenye uji, tende, matoke na malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga, chakula ambacho kila mtu wa milima hii amekulia, na ambacho, kwa kweli, wageni wa kutoka Kampala walikimaliza kabla yetu. Adhana ya magharibi ilipopigwa, saa moja kasoro, watu wenye alama ya majivu kwenye paji la uso walikuwa wameketi mkekani wakingoja tende pamoja na waliofunga tangu alfajiri.

Mazungumzo yaliyofuata hayakuwa kwenye ratiba. Mzee mmoja wa Kiislamu aliuliza inakuwaje Kwaresima iitwe siku 40 ilhali kwenye kalenda zinapita hapo, na katekista akamjibu kwamba Jumapili hazihesabiwi. Naye katekista akauliza mama anayenyonyesha hufanyaje, akaelezwa kwamba anaruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye. Maswali ya namna hii, yanayoulizwa kwa kutaka kujua tu, hatujawahi kuyapata kwenye ukumbi wenye kipaza sauti.

Kuhusu siku ya mikutano, tuliihamisha kutoka Jumamosi hadi Jumatano alasiri, kwa kuwa Jumamosi Waadventista na Abayudaya wako kwenye Sabato yao. Wafanyabiashara wa sokoni wamepata usumbufu, nasi hatujapata siku inayomfaa kila mtu.

Misaada kwa ndugu zetu walioathiriwa na maporomoko ya ardhi ya Bulambuli ya Novemba 2024 iliendelea katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Michango ya makanisa, misikiti na sinagogi iliwekwa katika ghala moja na kugawanywa kwa kufuata orodha za wenyeviti wa LC1, yaani serikali za vijiji, bila kumuuliza mtu anasali wapi. Hapo tulipata mtihani. Kundi moja, ambalo sitalitaja, lilitaka magunia yake yabandikwe jina lake na wapokeaji waalikwe kwenye ibada ya shukrani. Kamati ilikataa, kundi hilo likajitoa na kwenda kugawa lenyewe. Wapo wanaoona tulikuwa wakali mno kwa watu walioleta mahindi na mablanketi. Mimi naona msimamo ule ulikuwa sahihi, kwa sababu mtu aliyepoteza nyumba na watoto hana uhuru wa kukataa mwaliko wa anayempa chakula, na imani inayopokelewa kwa namna hiyo haimpi heshima anayeipokea wala anayeitangaza.

Sehemu iliyotuchosha zaidi ni matanga na mihadhara ya wahubiri. Mtu aliyebadili dini anapofariki, ndugu hugombania maiti, na katika nchi ambamo Mwislamu huzikwa upesi huku Mkristo akilazwa nyumbani usiku kucha kwa nyimbo na maombi, hata saa za kusubiri huzua ugomvi. Katika msiba mmoja kwenye miteremko ya mlima Wanale, marehemu alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu akabatizwa ukubwani. Wajumbe wetu wawili, imamu na mchungaji, waliombwa waje usiku. Hawakutoa hukumu, waliuliza swali moja tu, kwamba mzee mwenyewe alisema nini alipokuwa mzima. Mjane na jirani wakathibitisha kwamba alitaka kuzikwa na kanisa lake, na kaka zake, ingawa hawakufurahi, walikubali. Vijana wa msikitini walishiriki kuchimba kaburi, na ng'ombe wa matanga akachinjwa na Mwislamu ili kila mwombolezaji aweze kula. Utaratibu huo wa kuchinja hatukuubuni sisi: wazee wetu waliufuata kabla chama hiki hakijafikiriwa, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuulinda usipotee.

Mihadhara ya hadharani ni suala gumu zaidi, kwa kuwa Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inampa kila mtu haki ya kufuata na kudhihirisha dini yake, na sisi hatuna mamlaka wala nia ya kumnyamazisha mhubiri. Tulichofanya ni kuwakutanisha wahubiri wa pande mbili na kukubaliana nao kwamba kila mmoja ataeleza imani yake kwa kutumia kitabu chake, hatadhihaki mtume wala sakramenti za mwenzake, na hatafungua vipaza sauti karibu na nyumba ya ibada wakati wa sala. Makubaliano yameheshimiwa na wengi. Wachache wameyavunja, mara nyingi ni wahubiri wageni wanaopita, wanaochochea watu jioni na kuondoka asubuhi.

Kamati ilijadili pia mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2004 J. J. Keki wa jumuiya ya Abayudaya aliwashawishi majirani zake Waislamu na Wakristo kuanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, na nafasi za uongozi zikagawanywa miongoni mwa dini hizo tatu. Alikuwa New York wakati wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, akarudi na wazo hilo. Ninachowaomba mkitazame katika mfano huo ni kwamba wakulima wale walikutana juu ya mizani, bei na ubora wa buni, mambo ambayo hayamtaki mtu yeyote apunguze imani yake, na kuaminiana kukaja kwa kuhesabiana fedha kila msimu.

Wanachama vijana wameuliza kwa nini chama cha dini kinajishughulisha na uchaguzi wa 15 Januari 2026. Jibu liko katika historia yetu. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, na nyuma ya bunduki zile kulikuwa na ugomvi wa madaraka katika ufalme huo. Idi Amin alipiga marufuku ibada ya Kiyahudi, na mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum akauawa. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, Waislamu wasio na hatia katika baadhi ya maeneo walilipizwa kisasi kwa sababu tu walikuwa na dini moja na mtawala. Upande mwingine tunao mfano wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako mwaka 2003 viongozi wa Kikatoliki, Kianglikana na Kiislamu, akiwamo Askofu Mkuu John Baptist Odama, walilala nje usiku pamoja na watoto waliokuwa wakikimbilia mjini kwa kuogopa kutekwa na waasi. Kwa hiyo tumeziomba nyumba zote za ibada zisimkabidhi mgombea mimbari, hata akija na mabati ya paa. Najua mabati yanahitajika.

Mwaka ujao Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuandama siku hiyohiyo au inayofuata, hivyo maandalizi ya futari yaanze mapema. Aidha, 2026 ni mwaka wa imbalu, tohara ya jadi ya vijana wa Bagisu, na hapa kamati inaleta pendekezo lililotugawa. Imbalu itakapofunguliwa katika uwanja wa Mutoto, vijana wa dini zote watakuwa kwenye ngoma, lakini wazee wa koo wanaosimamia tambiko lenyewe hawana kiti katika chama hiki. Tumezungumza miaka yote kana kwamba dini zililetwa hapa na misafara na meli peke yake. Baadhi ya wajumbe wanahofu kwamba kuwapa uanachama ni kuchanganya ibada, na hofu hiyo si ya kubezwa, hasa kwa wanaoona kumwaga pombe kwa mizimu ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Maoni yangu ni kwamba kukaa na mtu kikaoni si kusali naye, na kwamba ugomvi wa imbalu kati ya familia zinazopeleka watoto hospitali na koo zinazotaka uwanjani hatuwezi kuusuluhisha bila wao.

Badiliko hilo la katiba ya chama linahitaji theluthi mbili ya kura za waliohudhuria. Kura itapigwa kwa siri baada ya mweka hazina kusoma hesabu zake, na wenye hoja za kupinga watapewa nafasi ya kuzungumza kwanza.