Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nani Anahesabiwa Kuwa Mfanyakazi?

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Nawashukuru mliofika kutoka Muheza, Korogwe na Pangani, na ninyi wa hapa mjini mliofunga biashara zenu Ngamiani na Deep Sea ili muwepo. Hesabu atazisoma mhazini, sitamwingilia. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: mwanamke wa Tanga anafanya kazi tangu alfajiri hadi jioni, lakini zikigawiwa haki za kazi, jina lake halimo.

Mkoa huu umejengwa na mkonge, kwa hiyo nianzie hapo. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yalipotanuka yalitaka watu wengi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua na kuwasafirisha kutoka mikoa ya mbali. Hao ndio manamba. Mkataba ulikuwa wa mwanamume. Kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30, kilikuwa chake. Mke aliyekuja naye alilima chakula, akapika, akalea, na kwenye daftari la shamba akabaki mke wa fulani. Nayasema haya kwa sababu kila tukidai jambo tunajibiwa kwamba ni mila. Mila zipo, sikatai. Lakini pale palikuwa na ofisi, mkataba na mlipaji mshahara, na hao ndio walioamua nani ni mfanyakazi.

Leo tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inakataza ubaguzi kwa jinsia na kwa ujauzito, hata kwa anayeomba kazi. Inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye mlango wa kuingilia. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo, na wanawake wetu wengi kwenye brashi, panapopigwa brashi nyuzi za mkonge, na kwenye kuanika singa, yaani nyuzi zenyewe, wanaandikwa miezi michache, wanasimamishwa, kisha wanaitwa tena.

Hapo ndipo kamati yetu ilipotia nguvu, na naomba kila mmoja atoke hapa akilijua hili. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinasema kibarua wa msimu ana haki ya likizo. Kinasema pia kwamba aliyeitwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na muda wake ukijumlishwa ukapita miezi sita, naye ana haki hiyo. Dada yetu mmoja aliambiwa "kibarua hana uzazi". Tulikusanya karatasi zake za malipo, tukajumlisha muda, tukampeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Shauri liliishia kwenye usuluhishi, akalipwa. Sitalitaja shamba, kwa kuwa tulikubaliana hivyo. Lakini tunzeni karatasi zenu, mama zangu. Malalamiko ya kufukuzwa kazi yanapelekwa Tume ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Wapo waliotufuata muda ukiwa umekwisha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Lipo suala la nani analipa. Siku 84 zikitoka kwenye mfuko wa mwajiri mmoja, akimtazama binti aliyeolewa juzi anaona gharama, anaajiri mwanamume. Haki iliyokusudiwa kumlinda inamfungia mlango. Ndiyo maana fao la uzazi la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, lina maana kubwa: gharama inabebwa na wote wanaochangia. Ila asiyepelekewa michango halipati, na huyo ndiye yuleyule kibarua wa miezi michache. Tena baba kwa sheria yetu ana siku 3. Iceland, kwa sheria ya mwaka 2000, ilimtengea baba miezi 3 ambayo hawezi kumhamishia mama. Hapo mwajiri hana tena sababu ya kuogopa jinsia moja tu.

Kima cha chini cha mshahara nacho kina upande. Amri iliyotumika tangu Januari 2023 hadi mwisho wa 2025 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kilimo, na 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake. Sote tunajua nani anafanya kazi za ndani Chumbageni na Raskazone. Ni mabinti kutoka vijijini kwetu. Bodi ya mishahara ikipanga kazi yao mwisho wa orodha, pengo limeandikwa na serikali kwenye gazeti lake. Tulishaandika barua kuhusu hili na tutaandika nyingine.

Kuhusu vyama vya wafanyakazi, nitasema wazi ingawa viongozi wao wamo ukumbini. Wachumi Francine Blau na Lawrence Kahn wa Marekani walionyesha kwamba nchi ambazo vyama vinabana tofauti ya mishahara, kama Sweden, mwanamke hapati kidogo sana kuliko mwanamume. Wao pia, katika utafiti mwingine, waliona nguvu hiyohiyo huwalinda wanaume wenye ajira huku wanawake na vijana wakibaki nje. Kwetu, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, unaomtaja mwajiriwa wa kudumu peke yake unafanya vivyo hivyo. Sheria inataka tawi lenye wanachama zaidi ya 100 liwe na wawakilishi wa wanawake wasiopungua watano. Tumetembelea matawi ambayo viti hivyo havina mtu, na wanawake wenyewe hawakuwa wamewahi kuambiwa.

Chumba cha watoto karibu na korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, hatujakipata. Mazungumzo yanaendelea.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba ridhaa yenu kwa mambo haya: kila tawi liwe na mtu wa kuwasaidia vibarua kutunza kumbukumbu za muda wao, tukae na vyama vya wafanyakazi kabla mikataba ya hali bora haijafanyiwa mapitio, ili vibarua wa msimu waingizwe, na sehemu ya ada iende kwenye nauli za wanaofuatilia mashauri Tume, kwa maana mtu wa Mkinga hawezi kuja mjini kila anapoitwa.

Ndugu wanachama, naomba mkutano upokee taarifa hii na kuijadili. Naomba kutoa hoja.