Fildi sio kupiga fotokopi

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wadogo zangu wanaosomea uinjinia, maana likizo ndefu ndo hiyo inakuja na kila mtu anakimbilia kufanya fildi (mafunzo ya kazi) kwenye kampuni yenye jina kubwa ili apate cha kuposti. Mi nilifanya hivyo mwaka wa pili, nikapewa meza safi, kiyoyozi na kazi ya kupiga fotokopi wiki nane, mashine zenyewe nilikuwa naziona dirishani tu.

Mwaka uliofuata nikaenda kwenye kikarakana cha mafundi watano. Wiki ya kwanza fundi mkuu kanipa beringi, ile pete ya chuma inayoshika mhimili unaozunguka kwenye mashine, imejaa grisi, kaniuliza tundu lake milimita ngapi, nikaanza kuhangaika kutafuta kalipa ya kupimia, akacheka, akasema futa hapo ubavuni usome namba. 6205. Chukua mbili za mwisho zidisha mara 5, ni 25 hiyo (ikiwa chini ya 04 hesabu hiyo inagoma). Darasani nilipiga hesabu za beringi semista nzima sikuwahi kushika hata moja!

Kwa hiyo kabla hujakubali waulize, nani atanisimamia, nitagusa nini wiki ya kwanza, na vijana waliopita hapo walitengeneza nini? Wakianza kujiumauma we aga. Hela nayo ulizia, usione aibu, nauli haijilipi. Halafu viatu vya usalama nunua mapema, mi nilienda na raba fundi akanirudisha nyumbani.

Injinia mchanga