Tunaoishi jirani na kambi tuelekezwe pa kukimbilia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaoishi na kutafuta riziki kandokando ya kambi ya jeshi Gongo la Mboto tumekuwa tukilizungumza wenyewe kwa wenyewe vibarazani, bila kulifikisha kwa wanaoweza kulifanyia kazi. Yakitokea tena yaliyotokea usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yaliyohifadhiwa katika kambi hii yalipolipuka, katika mtaa wangu sijui mtu anayeweza kusema kwa uhakika akimbilie upande gani.

Mimi ni fundi cherehani, na sehemu kubwa ya kazi yangu inatoka kwa wanajeshi na familia zao. Huyu analeta suruali ya kiraia ipunguzwe kiuno, yule anashonesha sare za shule za watoto Januari inapokaribia, na mshahara ukitoka wanalipa bila kuzungushana. Mama lishe, wenye maduka na vijana wa bodaboda watakuambia hivyohivyo. Vibaka nao hawapendi kusogea karibu na uzio ule. Kwa hiyo sidai kambi ihamishwe, wala siandiki kumlalamikia jirani. Nyumba nyingi za eneo hili, pamoja na ninayopanga mimi, zilijengwa wakati kambi ipo tayari.

Usiku ule kishindo cha kwanza kilipopiga, kama saa mbili na nusu hivi, nilikuwa bado dukani. Mabati yalitikisika, mkasi ukaanguka kutoka mezani, na watu wakafanya kile ambacho binadamu yeyote hufanya asipofundishwa, yaani wakasogea madirishani na milangoni kutazama. Cha pili kikavunja vioo. Baada ya hapo vishindo vilifuatana, anga ikawa nyekundu, na mtaa mzima ukamwagika barabarani. Waliotoka upande wa Ulongoni walikutana na waliotoka upande wa Majohe, kila kundi likiamini kwamba usalama uko kule wenzao wanakokimbia. Wapo waliotembea hadi Buguruni wakiwa na kanga moja mwilini, wapo walioelekea Pugu na Kisarawe, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika giza lile. Maelfu walilala Uwanja wa Uhuru. Waliokufa walizidi 20, na hiyo ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu mabomu ya Mbagala ya Aprili 29, 2009, ambayo nayo yaliua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba nyingi.

Ninalotaka lizingatiwe ni kwamba katika maafa ya namna hii kukimbia ovyo kwenyewe kunaua. Ghala la silaha la Ikeja, jijini Lagos, lilipolipuka Januari 27, 2002, waliokufa walikadiriwa kuzidi 1,000, na wengi wao hawakuguswa na bomu lolote. Walitumbukia katika mfereji wa Oke-Afa wakikimbia usiku, wengine wakiwa na watoto mikononi, wakazama. Wangekuwa wamewahi kuonyeshwa njia hata mara moja, mchana, kwa utulivu, naamini wengi wao wangefika salama. Huku kwetu nako kuna mabonde, mito inayojaa wakati wa masika na reli ya kukatiza, na hakuna aliyewahi kutuambia tupite wapi.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya kutuonyesha njia na kutufanyisha mazoezi. Ya kwanza ni kwamba mambo ya jeshi ni siri. Hilo naliheshimu, lakini sisi hatuulizi ndani ya uzio kuna nini wala kiasi gani. Tunauliza njia za nje ya uzio, ambazo tunazikanyaga kila siku. Ya pili ni kwamba mazoezi ya kuhama yatawatia watu hofu. Hofu tayari tunayo. Radi ikipiga usiku, au fataki zikirushwa mkesha wa mwaka mpya, kuna mama jirani yangu ambaye huwatoa watoto nje kabla hajajua ni nini, kisha husimama nao uani akiwa hajui pa kuwapeleka. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha uwanja fulani, ukampitisha njia ya kufika huko, unampunguzia hofu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kutoka ngazi ya taifa hadi ngazi za chini, kwa hiyo vyombo vya kuifanya kazi hii vipo. Naomba kamati zinazohusika, pamoja na uongozi wa kambi, wakae na wenyeviti wa mitaa inayopakana na kambi, wachague njia na viwanja vya kukusanyikia kwa kila mtaa, wakubaliane king'ora kitapigwaje, na wapitishe zoezi angalau mara moja kwa mwaka. Waanze na shule. Mtoto aliyefundishwa kulala chini mbali na kioo na kwenda mahali ambapo mama yake pia anapajua hatapotea kama walivyopotea wale wa 2011. Hukohuko shuleni wafundishwe wasiokote chuma wasichokijua. Mwaka 2017 wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, walipoteza maisha kwa bomu lililofika shuleni mikononi mwa mwenzao, na watoto wa mtaani kwetu nao huokota vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo.

Wapangaji wasisahaulike. Watu wanahamia huku kila mwezi kwa sababu kodi ya vyumba ni nafuu, na wengi wao walikuwa watoto wa mikoani mwaka 2011. Karatasi moja yenye ramani ya mtaa, ikibandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, msikitini, kanisani na madukani, itawafikia. Ukuta wa duka langu uko tayari kwa ajili hiyo, na nimekwisha kuzungumza na wenye maduka wanaopakana nami, nao wamekubali.

Mkazi na fundi cherehani,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam